Nyuzi na Mipango ya Sauti katika Ukulele wa Baritoni

Mtu anunuapo ala ya nyuzi, kwa kawaida hutazama mbao zake, rangi yake na sauti yake. Nyuzi huzikuta zimekwisha kufungwa, wala hazifikirii mpaka siku mmoja wao unapokatika. Hapo hufunga uzi wowote unaopatikana dukani, huukaza mpaka itoke sauti anayoitaka, akaridhika. Baada ya majuma machache uso wa ala huanza kuvimba, kidaraja kilichogundishwa juu yake huanza kubanduka upande wa nyuma, na ala iliyogharimu fedha nyingi ikawa haina faida tena. Wakati mwingine mambo huwa kinyume: uzi hulegea kupita kiasi, hugongagonga freti, na sauti yake hufifia kabla haijasikika vizuri.

Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni dhana kwamba uchaguzi wa nyuzi ni jambo moja, na upangaji wa sauti zake ni jambo jingine. Kwa kweli hayo mawili ni jambo moja. Kila sauti inayotakiwa kutoka katika uzi fulani hudai mkazo fulani, na kila ala ina mipaka ya mkazo inaoweza kuuhimili. Makala haya yanaeleza uhusiano huo kwa kutumia mfano wa ukulele wa baritoni. Hesabu inayohitajika haizidi ile inayofundishwa katika kidato cha tatu, na vipimo vinavyohitajika vyaweza kupatikana katika maabara ya shule yoyote ya sekondari.

ALA YENYEWE

Ukulele ni ala ndogo ya nyuzi nne yenye umbo la gitaa. Asili yake ni ala iitwayo machete, ya kisiwa cha Madeira kilicho sehemu ya Ureno. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliwafikisha Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, wahamiaji waliotoka Madeira kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walijulikana kwa kutengeneza ala hizo huko Honolulu. Katika karne ya 20 ukulele ulienea Marekani bara, ukatengenezwa kwa ukubwa wa namna mbalimbali: soprano, konseti, tena na, mwishoni mwa miaka ya 1940, baritoni.

Tofauti kubwa baina ya ala hizo ni urefu wa sehemu ya uzi inayotetema, yaani kutoka kidaraja kilicho juu ya uso wa ala mpaka kile kilicho mwisho wa shingo. Katika soprano urefu huo ni kama sentimita 35. Katika baritoni ni kati ya sentimita 48 na 51. Ukulele mdogo hupangwa kwa sauti G, C, E na A, na uzi wake wa 1 (A) hutetema mara 440 kwa sekunde. Baritoni hupangwa chini zaidi, kwa sauti D, G, B na E. Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa marudio, na kipimo chake ni herzi (Hz). Katika baritoni uzi wa 4 (D) una marudio 147, uzi wa 3 (G) una 196, uzi wa 2 (B) una 247, na uzi wa 1 (E) una 330.

Msomaji anayepiga gitaa atatambua mara moja kwamba hizo ndizo sauti za nyuzi nne nyembamba za gitaa. Kwa hiyo mpiga gitaa wa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi akishika ukulele wa baritoni kwa mara ya kwanza, vidole vyake vitakuwa vinajua tayari mahali pa kwenda. Ila asidhani kwamba nyuzi za gitaa lake zafaa zote bila kufikiriwa. Hesabu ndiyo itakayoamua.

KANUNI TATU ZA UZI

Sheria za uzi unaotetema zilielezwa na Mfaransa Marin Mersenne katika kitabu chake Harmonie universelle cha mwaka 1636. Kwa ufupi ni hizi:

Kwanza, uzi ukifupishwa, marudio huongezeka. Uzi ukipunguzwa kuwa nusu ya urefu wake, marudio huwa mara mbili. Hii ndiyo kazi ya freti.

Pili, uzi ukikazwa, marudio huongezeka, lakini si kwa kasi ileile. Ili marudio yawe mara mbili, mkazo hauna budi kuwa mara nne. Mkazo hapa maana yake ni kani inayouvuta uzi, na hupimwa kwa nyutoni.

Tatu, uzi mzito hutetema polepole kuliko uzi mwepesi. Linalopimwa hapa ni tungamo la mita moja ya uzi, wala si tungamo la uzi mzima.

Sheria hizi tatu zaweza kuunganishwa katika kanuni moja. Mkazo ukiitwa K, tungamo la mita moja m (kwa kilogramu), urefu L (kwa mita) na marudio f, basi:

K = 4 × L × L × f × f × m

Ukulele wa baritoni una bahati moja katika hesabu. Urefu wa uzi wake ni karibu sana na nusu mita. Ikiwa L ni mita 0.5, basi 4 × L × L ni 1 kamili, na kanuni inabaki fupi hivi:

K = m × f × f

Yaani, ili kujua mkazo wa uzi wowote katika baritoni, zidisha tungamo la mita moja ya uzi huo kwa mraba wa marudio yanayotakiwa. Kwa ala yenye urefu mwingine kidogo, jibu huzidishwa kwa 4 × L × L. Kwa sentimita 48 kizidisho hicho ni 0.92, na kwa sentimita 51 ni 1.04. Tofauti si kubwa.

HESABU YA NYUZI ZA KAWAIDA

Nailoni ilibuniwa Marekani mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont. Kabla yake nyuzi laini za gitaa zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ukawa adimu kwa kuwa ulihitajika hospitalini kwa kushonea majeraha. Ndipo fundi Albert Augustine wa New York, akihimizwa na mpiga gitaa maarufu Andrés Segovia, alipotengeneza nyuzi za gitaa za nailoni. Baritoni ilizaliwa miaka hiyohiyo, na mpaka leo nailoni ndiyo nyuzi yake ya kawaida.

Densiti ya nailoni ni gramu 1.14 kwa sentimita moja ya ujazo. Ikijulikana densiti na kipenyo cha uzi, tungamo la mita moja hupatikana kwa kuzidisha eneo la mkato wa uzi kwa densiti hiyo. Uzi wa milimita 0.70, kwa mfano, una eneo la milimita za mraba 0.385, na mita yake moja ina gramu 0.439. Ukipangwa katika E, mkazo wake ni 0.000439 × 330 × 330, yaani nyutoni 48 hivi. Seti moja ya kawaida ya baritoni huwa hivi:

Uzi wa 1, E, 330 Hz: nailoni ya milimita 0.70; gramu 0.439 kwa mita, nyutoni 48.
Uzi wa 2, B, 247 Hz: nailoni ya milimita 0.81, gramu 0.587 kwa mita, nyutoni 36.
Uzi wa 3, G, 196 Hz: nailoni ya milimita 1.02, gramu 0.932 kwa mita, nyutoni 36.
Uzi wa 4, D, 147 Hz: uzi uliozungushiwa waya, gramu 1.85 kwa mita, nyutoni 40.

Jumla ni nyutoni 160, sawa na uzito wa kitu chenye kilogramu 16 hivi. Uzito huo haupungukii sana debe lililojaa maji, nao unakivuta kidaraja usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, juu ya ubao mwembamba wenye unene wa milimita chache. Hapo ndipo msomaji aonapo kwa nini hesabu si jambo la kupuuzwa.

Katika kazi ya kila siku yafaa kila uzi wa nailoni wa baritoni uwe na mkazo kati ya nyutoni 30 na 50. Chini ya 30 uzi hulegea na kugonga freti. Tena kidole kinapoubonyeza huunyosha, sauti ikapanda kuliko inavyotakiwa. Juu ya 50 vidole huumia, na kidaraja huanza kubeba mzigo usio wake. Vilevile ni vema mikazo ya nyuzi zote ikaribiane, ili mkono usikute uzi mmoja mgumu na mwingine mlegevu.

KWA NINI UZI WA 4 HUZUNGUSHIWA WAYA

Mwanafunzi mdadisi atauliza: kwa nini uzi wa 4 usiwe wa nailoni tupu kama wenzake? Hesabu inaonyesha kwamba, ili uzi wa nailoni utoe D kwa mkazo wa nyutoni 36, kipenyo chake lazima kiwe milimita 1.36. Uzi huo hautakatika, lakini utakuwa mkakamavu kama kijiti. Ukakamavu wa uzi wa mviringo huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Uzi wa milimita 1.36 ni mkakamavu mara 14 hivi kuliko ule wa 0.70. Uzi mkakamavu hautii sheria za Mersenne sawasawa. Mitetemo yake midogo midogo, ile inayoipa sauti uangavu, hupanda na kuacha kulingana na mtetemo mkuu, na sikio husikia sauti butu.

Dawa yake ni kuongeza tungamo bila kuongeza ukakamavu. Nyuzinyuzi nyembamba za nailoni hukusanywa pamoja kuwa kiini, kisha kiini hicho huzungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambao mara nyingi hupakwa fedha. Kiini ndicho kinachovutwa. Waya huongeza uzito tu. Uzi hubaki laini kupindika, nao hutoa sauti nzito iliyo wazi.

NAILONI, UTUMBO, FLOROKABONI NA CHUMA

Densiti ya utumbo ni kama gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo. Ya florokaboni, ambayo ni aina ya plastiki nzito itumikayo pia katika uvuvi, ni 1.78; na ya chuma ni 7.85. Uzi wenye densiti kubwa hutoa sauti ileile kwa mkazo uleule ukiwa mwembamba zaidi. Florokaboni, kwa mfano, huhitaji asilimia 80 tu ya kipenyo cha nailoni. Badala ya nailoni ya milimita 1.02 katika uzi wa 3, florokaboni ya milimita 0.82 yatosha, na kwa kuwa ni nyembamba sauti yake huwa angavu zaidi. Uzi wa 3 ndio unaolalamikiwa mara nyingi kwa ubutu, na mara nyingi badiliko hili dogo hutosha kuuponya.

Kuhusu chuma, husemwa kwamba kitavunja ukulele. Maneno hayo yapimwe kwa kanuni. Uzi wa chuma wa milimita 0.25 una gramu 0.385 kwa mita, na ukipangwa katika E mkazo wake ni nyutoni 42, pungufu ya ule wa nailoni iliyotajwa juu. Uzi wa chuma wa milimita 0.30, ambao kwa macho ni vigumu kuutofautisha na huo wa kwanza, una gramu 0.555 kwa mita, na mkazo wake ni nyutoni 60. Nyuzi nne za mkazo wa namna hiyo hufanya nyutoni 240, yaani mzigo wa kawaida pamoja na nusu yake. Basi si jina la chuma linaloharibu ala, bali ni tofauti ya sehemu tano za mia za milimita ambayo mnunuzi hakuipima. Isitoshe, chuma hakinyumbuki kwa wepesi: kigingi kikizungushwa kidogo tu mkazo hupanda ghafla, na waya wenyewe hutafuna mifereo ya kidaraja iliyochongwa kwa ajili ya nailoni. Kwa ala ambayo mtengenezaji wake hakuikusudia kwa chuma, busara ni kubaki na nailoni au florokaboni.

UZI HUKATIKA LINI?

Watu wengi hudhani kwamba uzi ukikaribia kukatika kabla ya kufika sauti inayotakiwa, yafaa kufungwa uzi mnene zaidi, kwa kuwa una nguvu zaidi. Dhana hii inaonekana ya kweli, kumbe si ya kweli. Eneo la mkato wa uzi likiongezwa mara mbili, nguvu ya uzi huwa mara mbili. Lakini tungamo lake nalo huwa mara mbili, na kwa sababu hiyo mkazo unaohitajika kwa sauti ileile pia huwa mara mbili. Faida yote hupotea. Mkazo kwa kila milimita ya mraba hautegemei unene hata kidogo. Hutegemea densiti, urefu wa uzi na marudio tu.

Katika baritoni, nailoni iliyopangwa katika E hubeba nyutoni 124 kwa kila milimita ya mraba, iwe nyembamba au nene. Katika gitaa la kawaida, lenye nyuzi za sentimita 65, sauti hiyohiyo hudai nyutoni 210. Nailoni huyavumilia hayo kila siku. Kwa hiyo katika baritoni iko nafasi ya kupanda juu ya E, na nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu baadhi ya mipango itakayoelezwa hapa chini. Akiba hiyo lakini ni ya uzi, si ya ala: uzi waweza kusalimika huku kidaraja kikibanduka.

MIPANGO MINGINE YA SAUTI

Kabla ya kubadili mpango wowote, yakumbukwe makadirio mawili. Kila nusu toni uzi unapopandishwa, mkazo huongezeka kwa asilimia 12. Toni nzima ikipandishwa, ongezeko ni asilimia 26. Ikishushwa, upungufu ni asilimia 21.

(a) Mipango isiyohitaji nyuzi mpya. Ulio rahisi kuliko yote ni D, G, B, D, ambapo uzi wa 1 hushushwa toni moja mpaka marudio 294. Mkazo wake huwa nyutoni 38 badala ya 48, na nyuzi zote nne hukaribiana. Nyuzi zikipigwa wazi, bila kubonyezwa, hutoa akodi kamili ya G. Mpango huu una historia huko Hawaii. Wachunga ng'ombe kutoka Meksiko walipeleka magitaa visiwani humo katika miaka ya 1830, na wenyeji wakabuni mtindo wao wa kulegeza baadhi ya nyuzi. Mpango mashuhuri wa mtindo huo, unaopewa jina la shamba la magimbi, ni D, G, D, G, B, D katika gitaa. Nyuzi nne nyembamba za mpango huo ndizo hizi za baritoni.

Uzi wa 4 nao ukishushwa toni moja, hupatikana C, G, B, D, mpango unaotumiwa katika aina moja ya banjo ya nyuzi nne. Mkazo wa uzi wa 4 hushuka mpaka nyutoni 32, na jumla ya nyuzi zote huwa 142. Ala hupumzika, na besi hupata kina zaidi.

(b) Mpango wa uzi wa 4 uliopandishwa. Katika ukulele mdogo wa asili uzi wa 4 si wenye sauti nzito kuliko zote. Sauti yake iko juu ya ile ya uzi wa 3, na hiyo ndiyo inayoipa ala mlio wake wa kuchezacheza. Baritoni yaweza kupewa tabia hiyo kwa kuondoa uzi wa waya na kufunga nailoni ya milimita 0.70 iliyopangwa katika D ya juu, yenye marudio 294. Mkazo ni nyutoni 38. Kinachopotea ni besi.

(c) Mpango wa ukulele mdogo, G, C, E, A. Hapa ndipo ala nyingi huharibika. Mwenye baritoni hutaka kupiga pamoja na wenzake wenye ukulele mdogo, naye hukaza nyuzi zake zilezile kupanda juu. Marudio ya kila uzi huongezeka kwa theluthi moja, na mkazo huwa mara 1.78. Jumla hupanda kutoka nyutoni 160 mpaka 284, yaani uzito wa kilogramu 29, na uzi wa 1 peke yake hufika 85. Nyuzi zinazofaa ni nyingine kabisa: nailoni ya milimita 0.45 kwa A (440 Hz), ya 0.60 kwa E, ya 0.75 kwa C (262 Hz), na ya 1.02 kwa G (196 Hz). Mikazo yake ni kati ya nyutoni 34 na 36 kila mmoja, na jumla ni 141 tu. Uzi wa A hubeba nyutoni 221 kwa milimita ya mraba, ikiwa imepita kidogo kiasi cha gitaa, basi hauna budi kukazwa polepole na kubadilishwa mapema.

(d) Mpango wa vipande vya tano, G, D, A, E. Huu ni mpango wa fidla na mandolini, ukishushwa oktava moja. Kutoka uzi wa 4 mpaka wa 1 mna nusu toni 21, ilhali katika mpango wa kawaida mna 14 tu; kwa hiyo eneo la muziki hupanuka sana. Seti ya kawaida haifai, maana G ya chini ina marudio 98. Hapo nyuzi za gitaa la nailoni huwa msaada. Uzi wa gitaa wenye mkazo wa nyutoni 70 katika sentimita 65 huwa na nyutoni 41 tu katika sentimita 50, sauti ikiwa ileile. Hivyo uzi wa 4 wa gitaa (D) utatumika kama ulivyo kwa nyutoni 41, na uzi wa 5 wa gitaa (A, 110 Hz) utashushwa mpaka G kwa nyutoni 33. Zilizobaki ni nailoni ya milimita 0.90 kwa A (220 Hz) na ya 0.60 kwa E, nyutoni 35 kila mmoja. Jumla ni 144. Mfereo wa uzi wa 4 katika kidaraja cha shingo utahitaji kupanuliwa kidogo kwa tupa nyembamba. Uzi mnene usilazimishwe katika mfereo mwembamba.

Katika mipango yote, nyuzi mpya za nailoni hunyumbuka kwa siku kadhaa. Zikazwe kidogo kidogo, wala mpigaji asidhani kwamba ni mbovu kwa sababu sauti yake inashuka usiku mmoja.

JARIBIO LA DARASANI

Hata shule isiyo na ukulele yaweza kuthibitisha haya yote. Vinavyohitajika ni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki wa milimita 0.70, mizani ya maabara, ubao wenye kapi upande mmoja, vidaraja viwili vya mbao, ndoo, mchanga, na uma za sauti za 256 na 384 Hz.

1. Pimeni mita 10 za mshipi katika mizani. Jibu likaribie gramu 4.4.
2. Fungeni mwisho mmoja wa mshipi, pitisheni mwingine juu ya kapi, kisha ning'inizeni ndoo. Wekeni vidaraja umbali wa sentimita 50 kamili.
3. Wekeni kipande kidogo cha karatasi kilichokunjwa katikati ya uzi. Gongeni uma wa 256 na kusimamisha shina lake juu ya ubao. Ongezeni mchanga kidogo kidogo mpaka karatasi iruke yenyewe. Pimeni tungamo la ndoo na mchanga. Hesabu hudai kilogramu 2.9.
4. Rudieni kwa uma wa 384. Hesabu hudai kilogramu 6.6.

Marudio yameongezeka mara 1.5, na uzito mara 2.25, yaani mraba wa 1.5. Sanduku la mchanga liwekwe chini ya ndoo, na nyuso za wanafunzi ziwe mbali na uzi uliokazwa.

MASWALI

1. Ukulele wa baritoni una urefu wa uzi wa sentimita 48. Tafuta mkazo wa nailoni ya milimita 0.70 katika E.
2. Mwanafunzi anataka kupandisha uzi wa 3, wa milimita 1.02, kutoka G mpaka A (220 Hz). Je, mkazo utabaki ndani ya mipaka inayofaa?
3. Ni florokaboni ya kipenyo gani itakayoshika nafasi ya nailoni ya milimita 0.90?

Majibu: (1) nyutoni 44, (2) ndiyo, nyutoni 45, (3) milimita 0.72.

HITIMISHO

Uzi, sauti na ala ni kama mafiga matatu: kimoja kikisogezwa peke yake, chungu huanguka. Anayetaka sauti mpya hana budi kwanza kuuliza uzi gani utaitoa kwa mkazo ambao ala yaweza kuuhimili. Na anayepewa uzi mpya hana budi kuuliza ni sauti gani unaweza kuitoa. Swali hilo halihitaji fundi wa ng'ambo wala chombo cha bei kubwa. Lahitaji mizani, rula, penseli, na kanuni moja ambayo ubavu wake wa kulia, kwa ala ya nusu mita, una herufi tatu tu. Mwalimu atakayeifundisha kanuni hiyo kwa uzi halisi na ala halisi atakuwa amewaonyesha wanafunzi wake kwamba fizikia inakaa pia katika muziki wanaousikia kila jioni.